Mgonjwa wa Akili Akipata Homa, Nani Atasema?

Familia ya Junda inayompeleka jamaa wao kulazwa katika wodi ya akili ya Hospitali ya Port Reitz ina safari ya kutosha. Ni kutoka Kisauni hadi Daraja la Nyali, kuingia kisiwani, kuvuka Makupa, kupita Changamwe, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe hakubali kutulia kitini. Wakifika, wote wamechoka. Maswali ya mlangoni hujibiwa kwa mkato: ameanza lini, amempiga mtu, analala usiku, alikuwa akitumia dawa gani za akili. Ni nadra mtu kukumbuka kusema kwamba mgonjwa amekuwa akikohoa tangu mwezi jana, au kwamba siku mbili kabla hajaanza kupayuka mwili wake ulikuwa wa moto.

Habari hizo mbili zinaweza kuokoa maisha yake, na pengine maisha ya wale atakaolala nao chumba kimoja.

Wakazi wengi wanajua kwamba hospitali ni mahali mtu anaweza kuambukizwa ugonjwa mwingine. Wanalifikiria hilo wanapompeleka mama kujifungua au mzee kupasuliwa. Wanapompeleka mgonjwa wa akili hawalifikirii, kwa sababu macho ya kila mtu yako kwenye akili yake. Lakini mgonjwa huyo ana mapafu, ana tumbo, ana ngozi. Kifua kikuu, nimonia, kuhara, upele na malaria humpata kama vinavyompata mtu yeyote, na mara nyingi humpata kwa urahisi zaidi. Karibu yote ni magonjwa yenye tiba. Kinachoua ni kuchelewa kuyaona.

Wodi ambayo wagonjwa hawalali

Katika wodi ya kawaida mgonjwa yuko kitandani na muuguzi humfuata alipo. Katika wodi ya akili mgonjwa yuko kwa miguu. Anaamka, anazunguka, anakula meza moja na wenzake, anaoga nao, anakaa nao kivulini, anapokea sigara iliyokwisha vutwa na watu watatu. Hilo ni jambo jema kwa akili, kwa sababu kuzungumza na watu na kushughulika ni sehemu ya matibabu. Kwa vijidudu pia ni jambo jema. Kikohozi cha mtu mmoja asubuhi kinaweza kuwa cha chumba kizima kabla ya wiki kwisha.

Yapo pia mambo ya usalama ambayo hospitali nyingine hazilazimiki kuyafikiria. Dirisha la wodi ya akili huenda likawa dogo, la juu au la kufungwa, ili mgonjwa asiruke wala kutoroka. Lakini viini vya kifua kikuu huelea hewani, na dawa yake ya kwanza, ya bure kabisa, ni upepo unaoingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Kitakasa mikono chenye spiriti, ambacho tangu mwaka 2020 kimezoeleka kuonekana ukutani katika kila ofisi na duka, hakiwezi kutundikwa ovyo katika wodi hii. Mgonjwa anaweza kukinywa au kukiwasha moto. Ndiyo maana wahudumu wa wodi za namna hii hushauriwa kubeba chupa ndogo mfukoni, na wagonjwa wakaongozwa kunawa kwa maji na sabuni kabla ya kula na baada ya kutoka msalani. Kuongozwa ndilo neno lenyewe. Mtu aliyezama katika huzuni nzito, au anayesikia sauti zikimkataza kugusa maji, hatanawa kwa sababu ya bango lililobandikwa ukutani.

Kumtenga aliyeambukizwa nako si kazi rahisi. Mgonjwa wa surua au wa kuhara katika wodi nyingine ataelezwa na atakubali kubaki chumbani. Mtu anayeamini kwamba anafuatwa na maadui, akifungiwa peke yake, huona kwamba hofu yake ilikuwa kweli. Wauguzi wa akili hujifunza kulifanya jambo hili polepole: kueleza mara kadhaa kwa maneno yale yale, kuweka muda, kumpa mtu wa kukaa naye. Si adhabu, na haifai ionekane kama adhabu.

Mkasa unaotajwa sana wa jinsi wodi iliyofungwa inavyoweza kugeuka mtego ulitokea Korea Kusini, Februari 2020, mwanzoni mwa Korona. Katika Hospitali ya Daenam, wilaya ya Cheongdo, virusi viliingia katika wodi ya akili na vikawapata karibu wagonjwa wote waliokuwemo, takriban watu 100. Mtu wa kwanza kutangazwa kufa kwa Korona nchini humo alikuwa mmoja wao, mwanamume aliyekuwa amelazwa humo kwa zaidi ya miaka 20. Chumba kilikuwa kimoja kwa watu wengi, hewa ilikuwa haizunguki, na miili ilikuwa imedhoofika kwa miaka mingi ya kukaa ndani. Korea Kusini si nchi maskini wala si nchi isiyo na madaktari. Fedha peke yake hazikutosha.

Kwa Kenya, historia ina kinaya chake. Hospitali ya Mathari jijini Nairobi, ambayo ndiyo hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, ilianzishwa mwaka 1910 katika majengo yaliyokuwa yakitumiwa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Watu wa maambukizi walitoka, watu wa akili wakaingia, na kwa wakubwa wa wakati ule haja ilikuwa ile ile: waondoke machoni pa mji. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilipochunguza huduma za afya ya akili nchini mwaka 2011, ilikuta mfumo uliopuuzwa kwa miaka mingi. Mwaka 2020 jopokazi la kitaifa lililoongozwa na Daktari Frank Njenga likapendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

"Anasema kifua kinamuuma, lakini huyu husema mengi"

Sentensi kama hiyo imesemwa na jamaa, imesemwa na majirani, na imesemwa pia na wahudumu wa afya katika nchi nyingi. Mtu akishabandikwa jina la ugonjwa wa akili, kila analolisema baadaye huonekana kuwa ni ugonjwa huo unaozungumza. Akisema tumbo linamkata, ni wazimu. Akikataa chakula, ni wazimu. Akilala mchana kutwa, dawa zimemzidi. Na kweli huenda ikawa hivyo. Lakini huenda pia ni homa ya matumbo, huenda ni jino lililooza, huenda ni nimonia.

Upande wa pili wa shida ni kwamba wapo wagonjwa ambao hawasemi kabisa. Mwenye sonona kali anaweza kuona hastahili kusaidiwa. Mwenye skizofrenia anaweza kuhisi maumivu na kuyapa maelezo yake, kwamba jirani amemtia kitu mwilini, na msikilizaji akaachia hapo bila kuuliza ni sehemu gani ya mwili. Mtu akisema "kuna nyoka tumboni mwangu", swali la kwanza linalofaa ni la kawaida tu: tumbo linauma wapi, na umekwenda choo lini mara ya mwisho?

Hapa ndipo jamaa anapokuwa na kazi ambayo hakuna mashine inayoweza kuifanya. Muuguzi amemjua mgonjwa kwa siku tatu. Mama yake, dada yake au mkewe amemjua miaka thelathini. Yeye anajua kwamba Mwinyi, hata akizidiwa vipi, hakatai chai ya maziwa. Siku Mwinyi akikataa chai, kuna jambo. (Jina hili ni la mfano tu.) Jamaa anayeona tofauti ya namna hiyo na asiiseme kwa kuogopa kuonekana mjuaji anamnyima mgonjwa shahidi wake pekee. Haihitaji lugha ya kitaalamu. "Sista, samahani, mwanangu leo si kama jana. Anapumua haraka, na mkono wake nimeushika ni wa moto. Naomba apimwe joto." Hiyo inatosha. Joto likifika nyuzi 38, sababu yake ni lazima itafutwe, awe mgonjwa wa akili au awe nani.

Akili au homa?

Wakati mwingine mambo huwa kinyume: mtu analetwa kwa ugonjwa wa akili, kumbe maambukizi ndiyo yaliyomvuruga. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, homa ya matumbo iliyokolea, Virusi Vya Ukimwi visivyotibiwa, na kwa wazee hata maambukizi ya njia ya mkojo, yote yanaweza kumfanya mtu apayuke, aone visivyokuwepo na asiwatambue watoto wake.

Pwani inalijua jambo hili kwa lugha yake yenyewe. Wazee waliita dengi kidingapopo, na pepopunda ikapewa jina lenye pepo ndani yake, kwa sababu mwili unaojikunja na akili inayopotea vilionekana kuwa kazi ya viumbe wengine. Dengi iliizuru Mombasa tena mwaka 2021, na chikungunya ilikuwa imepita mwishoni mwa mwaka 2017 na mwanzoni mwa 2018, kwa hiyo homa za mbu si habari za kale. Familia inayotaka kumsomea mgonjwa wao dua haikatazwi. Inachoombwa ni kwamba mwenye homa na mchafuko wa akili apimwe damu siku hiyo hiyo, si baada ya wiki ya kungoja kuona.

Zipo tofauti ambazo hata asiye daktari anaweza kuziangalia. Ugonjwa wa akili kwa kawaida huja taratibu, kwa wiki au miezi: mtu anajitenga, halali, anaanza kushuku watu. Mchafuko unaotokana na maambukizi huja ghafla, kwa saa au siku chache. Mwenye ugonjwa wa akili mara nyingi anajua yuko wapi na leo ni siku gani, hata kama anasikia sauti. Aliyevurugwa na homa hajui. Asubuhi yu mzima, jioni hamtambui mtu, usiku anashikashika shuka kama anayeokota kitu. Shingo ikikakamaa, mtu akipata degedege au akisinzia bila kuamka vizuri, hiyo ni dharura, na mahali pa kumpeleka ni hospitali yoyote iliyo karibu yenye huduma za dharura. Safari ya wodi ya akili itangoja.

Katika nchi za Ulaya, mwanzoni mwa karne iliyopita, hospitali za akili zilikuwa na wagonjwa wengi waliopooza na kurukwa na akili kwa pamoja, na madaktari walibishana sana kuhusu chanzo. Mwaka 1913 watafiti Hideyo Noguchi na J. W. Moore walikionyesha kijidudu cha kaswende ndani ya ubongo wa wagonjwa hao. Ugonjwa uliohesabiwa kuwa wa akili ulikuwa wa maambukizi tangu mwanzo. Kabla penisilini haijapatikana, daktari wa Vienna, Julius Wagner-Jauregg, alijaribu kuwatibu kwa kuwaambukiza malaria makusudi, ili homa kali iue kijidudu, kisha akawapa kwinini. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1927. Msomaji wa Junda ambaye ameugua malaria mara tano anaruhusiwa kushangaa. Leo kaswende hugunduliwa kwa kipimo cha damu na kutibiwa kwa sindano, na kipimo hicho ni miongoni mwa vile ambavyo familia inaweza kuviulizia mgonjwa anapolazwa kwa mara ya kwanza, pamoja na kile cha Virusi Vya Ukimwi, malaria na sukari.

Dawa zinapokutana

Sehemu hii inahitaji kusomwa polepole, kwa sababu familia nyingi haziambiwi.

Dawa za akili huokoa maisha na hazifai kuachwa ghafla. Lakini baadhi yake hubadilisha jinsi mwili unavyokabiliana na maambukizi. Klozapini, inayotolewa kwa wagonjwa ambao dawa nyingine hazikuwasaidia, inaweza mara chache kupunguza mno chembe nyeupe za damu, ambazo ndizo askari wa mwili. Ndiyo maana anayeitumia hupimwa damu kila wiki katika miezi ya mwanzo. Akipata homa na koo kuuma, asipewe tu dawa ya mafua kutoka dukani. Apelekwe kupimwa damu siku hiyo.

Anayetumia lithiamu yuko hatarini anapoharisha au kutapika. Maji yakipungua mwilini, lithiamu hujikusanya katika damu hadi kuwa sumu: mikono inatetemeka sana, ulimi unakuwa mzito, anayumba kama mlevi. Kipindupindu kimewahi kuzuka katika kaunti hii zaidi ya mara moja, na hata kuhara kwa kawaida kunatosha kuleta shida hiyo. Maji ya chumvi na sukari ya kuzuia kupungukiwa maji yaanze kutolewa mara moja, kisha daktari aulizwe kuhusu dozi.

Largactil na dawa za jamii yake, pamoja na Artane, hukausha mdomo na kufunga choo. Artane hupunguza pia jasho. Mdomo mkavu huozesha meno, na jipu la jino ni maambukizi kamili. Mkojo usiotoka vizuri huleta maambukizi ya kibofu. Mtu asiyetoka jasho katika joto la Mombasa la Februari na Machi anaweza kupandisha joto la mwili bila kuwa na kijidudu chochote. Isitoshe, mgonjwa aliyelegezwa na dawa akilishwa akiwa amelala hupaliwa, chakula kikaingia njia ya hewa, na siku mbili baadaye ni nimonia. Anayemlisha amketishe wima, ampe kidogo kidogo, na asubiri ameze kabla ya kijiko kingine. Jambo dogo kama hilo halina gharama yoyote, nalo huzuia mojawapo ya sababu kubwa za vifo katika wodi za muda mrefu.

Kuna homa moja ambayo si maambukizi lakini hujifanya kuwa maambukizi. Mtu aliyeanzishiwa dawa ya kutuliza akili karibuni, au aliyeongezewa dozi, au aliyechomwa sindano ya mwezi kama Modecate, akipata homa kali huku misuli imekakamaa kama ubao, anatokwa jasho na amechanganyikiwa, apelekwe hospitali bila kungoja kesho. Familia imwambie daktari jina la dawa na siku iliyotolewa. Akitibiwa kama mwenye malaria tu, muda wa thamani hupotea.

Kwa wanaotibiwa kifua kikuu au wanaotumia dawa za Virusi Vya Ukimwi, kila kliniki iambiwe habari za kliniki nyingine. Rifampisini, dawa muhimu ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya dawa kadhaa za akili, ikiwemo haloperidoli, kwa hiyo mgonjwa aliyetulia anaweza kuanza kuvurugika tena bila kosa lake wala la jamaa zake. Kabamazepini, inayotolewa kwa kifafa na kwa mabadiliko makali ya hisia, hupunguza dolutegravi, ambayo imo katika kidonge cha kawaida cha Virusi Vya Ukimwi nchini, hivyo dozi hulazimika kurekebishwa. Isoniazidi nayo, mara chache, inaweza kuleta dalili za akili kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa nazo. Haya yote yana suluhisho. Lakini daktari hawezi kusuluhisha asichokijua, na aibu ndiyo inayoficha kadi ya pili ndani ya mkoba.

Kwa vijana wa Kisauni waliokuwa wakijidunga dawa za kulevya, jambo hili lina uzito zaidi. Sindano za kushirikiana huleta Virusi Vya Ukimwi na homa ya ini, majipu ya mkononi na hata maambukizi ya moyo. Kijana anayepokea methadoni na akalazwa wodi ya akili ataje methadoni yake mlangoni, kwa sababu kuikatiza ghafla ni mateso, na kuichanganya na dawa nyingine bila daktari kujua ni hatari.

Siku ya kutembelea

Mtu mwenye kikohozi, homa, kuhara au macho mekundu ya kuambukiza abaki nyumbani na atume salamu. Si ukosefu wa mapenzi. Anayekwenda anawe mikono anapoingia na anapotoka.

Chakula cha nyumbani kina thamani kubwa kwa mtu aliye mbali na kwao, na hakuna anayetaka kumzuia mama kupeleka wali wa nazi. Kipikwe siku hiyo, kibebwe katika chombo chenye kifuniko, kiliwe jamaa akiwepo, na mabaki yarudi nyumbani. Wali uliolala chini ya kitanda tangu mchana hadi usiku katika joto la Changamwe ni sumu ya tumbo, na mgonjwa atawagawia wenzake, maana wagonjwa wa akili ni wakarimu kama watu wengine. Juisi ya mtaani na maji ya mtungi ambayo hayakuchemshwa wala kutiwa klorini yasipelekwe.

Nguo zifuliwe, zikauke juani kabisa na zipigwe pasi. Taulo, wembe, mswaki na kitana viwe vya mtu mmoja. Wembe ni jambo la kuzungumza na muuguzi, si la kumwachia mgonjwa kisirisiri: kwa upande mmoja ni hatari kwa usalama wake, kwa upande mwingine wembe wa kunyolea watu wanne ni njia ya homa ya ini. Kumkata kucha na kumkagua ngozi katikati ya vidole, kwapani na kiunoni ni kazi ambayo dada anaweza kuifanya huku wakizungumza habari za nyumbani. Vipele vinavyowasha zaidi usiku, hasa hapo, mara nyingi ni upele wa kuambukiza. Muuguzi aambiwe siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa yake hufaa pale chumba kizima kinapotibiwa kwa pamoja.

Na jamaa anayo haki ya kuuliza. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa, na hakikuwaacha nje waliolazwa kwa ajili ya akili. Sheria ya Afya ya Akili, baada ya marekebisho ya mwaka 2022, inaziwekea serikali za kaunti wajibu wa huduma hizi. Kuuliza kama madirisha hufunguliwa mchana, kama kuna sabuni, kama mgonjwa mpya mwenye kikohozi amepimwa makohozi kabla ya kulala na wenzake, si kuwatukana wauguzi. Wengi wao wanauliza maswali hayo hayo ndani kwa ndani, na swali la mwananchi linawapa nguvu.

Akirudi Junda

Anaporuhusiwa kwenda nyumbani, mgonjwa hurudi kwa kawaida katika chumba cha kupanga, choo na bafu vikiwa vya wapangaji wote, na maji yakinunuliwa kwa mtungi. Kwa hiyo mambo ya wodini yanaendelea kwa sura nyingine. Kabla ya kuondoka hospitalini, familia iulize: alipata ugonjwa wowote wa kuambukiza alipokuwa hapa, je, kuna mwenzake wa chumbani aliyegunduliwa na kifua kikuu, na ni dawa zipi anaendelea nazo. Jibu liandikwe kwenye barua ya kuruhusiwa. Kifua kikuu kinaweza kujitokeza miezi mingi baada ya mtu kukivuta, kwa hiyo kikohozi kisichoisha, jasho la usiku na kukonda katika mwaka unaofuata visichukuliwe kuwa ni dawa za akili. Kupima na kutibu kifua kikuu ni bure katika vituo vya umma, na mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba anaweza kuelekeza pa kwenda.

Ikiwa alirudi na upele, wote wanaolala nyumba hiyo wapakwe dawa usiku mmoja, wenye kuwashwa na wasiowashwa, kuanzia shingoni hadi nyayoni. Shuka na nguo zifuliwe kwa maji ya moto au zifungwe katika mfuko kwa siku kadhaa. Kuwashwa kunaweza kuendelea wiki mbili hadi nne hata baada ya wadudu kufa, hivyo watu wasirudie dawa kila siku wakadhani haijafanya kazi.

Kuna familia ambazo, kwa kuchoka na kwa hofu, humfungia mgonjwa chumba cha nyuma au humfunga kamba au mnyororo mguuni. Mambo haya yapo katika nchi nyingi, na shirika la Human Rights Watch liliyaandika mwaka 2020 likizitaja takriban nchi 60, Kenya ikiwemo. Mbali na kuwa ni kinyume cha utu na cha sheria, mnyororo hukata ngozi. Kidonda kilichokaa katika uchafu kinaweza kuingiza pepopunda, ambayo ikishaanza ni vigumu sana kuitibu hata hospitalini. Mtu aliyekuta jirani amefungwa namna hiyo asiende kugombana na familia mlangoni. Amwendee mhudumu wa afya ya jamii au chifu, aseme kuna mgonjwa anayehitaji kufikiwa. Na kidonda hicho kisafishwe kwa maji mengi na sabuni, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya kuchanjwa pepopunda siku hiyo hiyo, hata kama hakuna homa.